Kiwanda cha Uani

Kabla ya kuwa na watoto tisa uani kwangu, nilikuwa mlezi katika kituo cha watoto cha kiwanda cha nguo. Kazi yenyewe ilieleweka. Wafanyakazi waliwaacha watoto wao kwetu saa moja asubuhi wakaingia zamu. Sisi walezi tuliwanywesha uji, tukawafuta kamasi, tukawalaza mchana, na saa tisa na nusu tukawakabidhi kwa mama zao wakiwa wazima. Hakuna aliyetuuliza watoto wamejifunza nini. Kama mtoto hakuvunjika mguu na hakuharisha, siku ilikuwa nzuri.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, Mwanza. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu, kituo chetu kilifungwa kwanza, kabla ya idara yoyote ya mashine. Miezi sita baadaye mume wangu, aliyekuwa fundi wa mashine za kufumia, naye akapunguzwa. Alikaa nyumbani wiki tatu akirekebisha milango ambayo haikuwa na tatizo, kisha akapanda meli kwenda Nansio, kisiwani, kutengeneza injini za boti za wavuvi. Tukawa tunaonana mwisho wa mwezi.

Tulikuwa tunakaa Igogo, mlimani, vyumba viwili na ua uliobanwa kati ya mawe makubwa mawili. Jiwe moja lilikuwa na mteremko laini unaofika hadi chini karibu na jiko. Ukisimama juu yake unaliona ziwa na mabati mapya ya viwanda vya samaki. Wakati ule kila baada ya miezi michache kulikuwa na kiwanda kipya cha minofu ya sangara, na wanawake wengi waliokuwa wameachishwa kwenye nguo walikwenda kupanga mstari huko.

Watatu kati yao walikuwa wakiniachia watoto zamani. Walikuja pamoja, Jumapili baada ya ibada.

"Dada, tunakuomba," mmoja alisema. "Tukiwafungia ndani wanalia. Tukiwaacha nje kuna barabara na kuna ziwa. Wewe umewazoea."

Nikakubali. Baada ya mwezi walikuwa watano, baada ya miezi mitatu walikuwa tisa, na mimi nilikuwa nimepandishwa cheo bila mtu kunitangazia. Watoto walinisalimia, "Shikamoo mwalimu," na wazazi nao wakaniita mwalimu. Na ukiitwa mwalimu, watu wanataka kuona daftari.

Mji ulikuwa umeanza kujaa shule za watu binafsi. Kwenye nyumba ambazo jana tu zilikuwa za kuishi, leo kulikuwa na kibao kilichochorwa bata na kalamu, kinachosema watoto wanafundishwa kwa Kiingereza kuanzia miaka mitatu. Wazazi wangu hawakuwa na uwezo wa kuwapeleka huko, ila walivisoma vile vibao. Baba mmoja, karani wa ofisi moja pale bandarini, ndiye aliyesema wazi. Alikuja asubuhi moja akiwa amechomekea shati, amemshika mwanawe mkono, akaniuliza:

"Mwalimu, huyu atajua kuandika jina lake lini?"

"Ana miaka minne, baba."

"Wa jirani yangu ana minne na anaandika."

Basi mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi nilimwomba anitengenezee ubao. Alichukua kipande cha mbao bapa, akaponda unga mweusi wa betri mbovu, akapaka mara tatu. Nikanunua chaki. Nikapanga mabenchi mawili yaelekee ukuta. Kuanzia siku hiyo saa mbili mpaka saa tano tulisoma a, e, i, o, u, tukaingia ba, be, bi, bo, bu, mikono imekunjwa kifuani, midomo imefungwa mpaka niseme ifunguliwe. Niliwaambia watacheza kazi ikiisha. Nami nilihakikisha haiishi.

Sikuona kwamba nawanyima kitu. Mimi mwenyewe nililelewa nikiambiwa mchezo ni wa mtoto asiye na kazi. Na niseme ukweli, nilipenda ule ukimya. Majirani walipopita wakasikia watoto tisa wakiitikia kwa sauti moja, walisema, "Pale kuna shule."

Mtoto wa tisa alikuwa msichana wa miaka minne na nusu. Alikuwa amelelewa na bibi yake kijijini huko Magu tangu alipoachishwa ziwa. Bibi alipofariki, mama yake, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda kimoja cha minofu, akamfuata. Mama alikuwa mwembamba, mpole, mwenye haraka. Baba wa mtoto hakutajwa na mimi sikuuliza. Msichana alijua Kisukuma na Kiswahili kidogo. Siku ya kwanza alinisalimia kwa kupiga goti kabisa, jambo ambalo watoto wa mjini walilicheka, na hakuongea tena mpaka mama yake alipokuja kumchukua.

Haikuingia akilini mwangu kwamba mtoto huyu amefiwa. Niliona tu hasomi. Wenzake wakiitikia ba, yeye anaangalia sisimizi. Nikimpa chaki anaishika kwa ngumi nzima, anachora mduara mmoja, anaacha. Nikimwambia ahesabu moja mpaka tano anaangalia miguu yangu. Baada ya mwezi nilimwambia mama yake, "Huyu ni mzito kidogo." Mama akasema, "Ndiyo mwalimu," kama mtu anayepokea karatasi ya majibu hospitali.

Siku moja nilipohesabu chaki zangu nikakuta vipande saba havipo. Niliangalia chini ya benchi. Msichana alikuwa amekaa kule, amepanga kokoto kuzunguka, na ndani ya kokoto amevisimamisha vile vipande, vikubwa mbele, vidogo nyuma. Walikuwa ng'ombe wakiingia zizini. Sasa naona wazi. Siku ile niliona chaki zangu zimeliwa na vumbi. Nilimtoa pale kwa mkono, nikamwambia anyooshe vidole, nikampiga rula mbili. Hakulia. Aliiangalia rula, kisha akaniangalia mimi.

Sikujisikia vibaya. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulipigwa sisi, tukapiga.

Kuanzia kesho yake aliacha kabisa kukaa kwenye benchi. Akifika anakwenda kukaa kati ya pipa la maji na ukuta, na anabaki hapo. Uji wake hakuunywa mpaka nigeuke. Nilimwita mara mbili tatu, nikachoka, nikamwacha. Nilikuwa na wanane wanaoitikia.

Kisha malaria ikanikamata. Asubuhi ya Jumanne nilishindwa kusimama. Jirani yangu aliwapa watoto uji, akanisogezea mkeka wangu mpaka mlangoni ili niwaone, akaenda sokoni kwenye biashara yake. Nilikuwa nimekunywa klorokwini, na wanaoijua dawa ile wanajua inavyowasha. Nilijikuna mwili mzima, siwezi kulala, siwezi kuamka, siwezi kufundisha. Niliwaambia watoto kwa sauti iliyobaki, "Kaeni, someni." Walikaa kwa muda wa kama dakika tano.

Siku ile ya kwanza ilikuwa fujo tu. Waliteleza kwenye jiwe mpaka kaptula zikatoboka, wakapigana, mmoja akamwaga maji. Nilikasirika nikiwa nimelala.

Siku ya pili nilisikia fujo imebadilika. Kulikuwa na sauti ya watu wanaofanya kazi. Nikageuza kichwa.

Walikuwa wamefungua kiwanda. Mabenchi yangu yalikuwa yameunganishwa yakawa meza ndefu. Watoto wanne walisimama kila upande, wamevaa mifuko ya nailoni miguuni, imefungwa kwa kamba ya katani, kwa sababu mama zao walivaa mabuti meupe kazini. Vichwani walijifunga vitambaa. Samaki walikuwa ndala mbovu, na sikujua Igogo kuna ndala mbovu nyingi kiasi kile. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande cha mbao, anachuna ndala juu, anageuza, anachuna chini, anasukuma kwa mwenzake. Mmoja alisukuma minofu kwenye boksi la barafu, na barafu yenyewe ilikuwa mawe meupe. Magunzi ya mahindi yalikuwa mapanki, yaani ile mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani, ambavyo ndivyo sisi tulivyokula mjini.

Aliyesimamia yote alikuwa yule msichana.

Nilidhani ni homa. Alisimama mwanzo wa meza akipokea samaki. Alikuwa anahesabu kwa Kisukuma, harakaharaka, bila kusita, na kila akifika *ikumi*, yaani kumi, anaweka kokoto moja pembeni na kuanza upya. Kokoto zilipofika nne akasema kwa Kiswahili, "Boksi limejaa, funga." Nikazihesabu ndala kwa macho yangu yenye homa. Zilikuwa kumi tu, zinazungushwa. Alikuwa amehesabu mizunguko minne bila kupoteza hata mmoja. Huyo ndiye niliyemwambia mama yake kwamba ni mzito.

Kulitokea ugomvi. Mtoto wa karani, ambaye kwenye somo hakuweza kusubiri zamu yake hata ya kunawa mikono, alitaka kuwa msimamizi. Alimsukuma msichana. Mimi ningeamua kwa rula. Msichana alimwambia, "Samaki wakiisha ndo zamu yako. Sasa hivi wewe barafu." Na yule mtoto, aliyekuwa akimpiga kila mtu, akarudi kwenye barafu. Alisimama akihesabu samaki waliobaki kwa midomo, anarukaruka kwa hamu, lakini anasubiri. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeshindwa kumfundisha kusubiri.

Alhamisi homa ilikuwa imepungua, ningeweza kuamka. Nilibaki nimelala makusudi.

Siku hiyo waliongeza geti. Geti lilikuwa upenyo kati ya jiwe na ukuta wa jiko. Watoto walipanga mstari nje yake na mlinzi akawachagua, kama ilivyokuwa kweli asubuhi kwenye viwanda: wewe ingia, wewe ingia, wewe kesho. Mlinzi alikuwa mtoto wa karani, zamu yake ilikuwa imefika. Msichana alikuwa kwenye mstari, ana beseni mkononi na gunzi la mahindi amelifunga mgongoni kwa kitambaa. Ilipofika zamu yake, alimnong'oneza mlinzi jambo sikioni. Mlinzi akashangaa.

"Kweli?" aliuliza.

"Sema," msichana akamwambia.

Mlinzi akasema kwa sauti nene, "Wewe mama, tumeshakwambia usije tena. Mkono wako mbovu. Toka."

Wengine waliendelea na kazi. Msichana akatoka na beseni lake, akaenda kukaa juu ya jiwe dogo karibu na mlango wangu, hatua tatu kutoka kichwani kwangu. Akajifunika kitambaa kichwani. Akalifungua gunzi mgongoni, akaliweka mapajani, akaliambia taratibu, kwa ile r ya kwao:

"Usimwambie mwarimu. Ukimwambia, kesho hunywi uji."

Alikaa hapo kidogo, akasimama, akajifunga gunzi tena, akarudi kwenye mstari. Akanong'ona tena kwa mlinzi. Akafukuzwa tena. Alifanya hivyo mara nne, nami nimelala pale nahesabu. Mara ya tano alimnyang'anya mlinzi kirungu, akawa mlinzi yeye, na akawaingiza wote.

Jioni ile niliamka, nikaoga, nikamsubiri mama yake. Alikuja kwa muda wake wa kawaida, mwendo ule ule wa haraka, kanga imezungushwa mkono wa kulia. Nilikuwa nimeiona kanga ile kwa wiki kadhaa nikadhani ni baridi ya asubuhi.

"Za kazini?" nikamuuliza.

"Nzuri, mwalimu. Pole na homa."

"Nionyeshe mkono."

Alicheka kidogo, akasema si kitu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kaa." Ndipo akakaa kwenye benchi na kuifungua kanga. Kisu cha kuchunia minofu kilikuwa kimempitia kati ya kidole gumba na cha pili. Kidonda kilikuwa kimeingia uchafu, kiganja kimevimba, vidole viwili havikunjiki. Kiwandani walikuwa wamemwambia arudi akipona, na aliporudi kabla ya kupona walimwambia asirudi tena. Ilikuwa wiki ya tano. Kila siku alimleta mtoto kwangu saa moja kama mtu anayewahi zamu, kisha akashuka ufukweni kugeuza dagaa za watu juani kwa mkono wa kushoto, au akasimama kwenye geti la kiwanda; na siku nyingine alipita getini kwanza, mtoto akiwa mgongoni, akitumaini mlinzi amebadilishwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema sina kazi, basi nikae na mtoto wangu. Na hapa anapata uji." Kisha akauliza, "Nani amekwambia?"

Nikamwangalia mtoto. Alikuwa anatelezesha ndala kwenye jiwe, bila kutusikiliza.

"Nimeuona mkono," nikasema.

Sikudanganya sana. Ila niliona kwamba mtoto hakumsemea mama yake. Hakuniambia mimi lolote. Alikuwa anacheza, na kwa kucheza alikuwa analichukua jambo zito la kwao na kuligeuza mpaka likapata mwisho anaoweza kuuvumilia. Wakati ule sikuwa na maneno haya. Nilikuwa na hisia tu kwamba ningekuwa mzima wiki ile, mtoto angekaa kati ya pipa na ukuta, na mkono wa mama yake ungeoza.

Kesho yake, Ijumaa, tulikwenda pamoja hospitali. Walipasua, wakasafisha, wakampa sindano za siku saba. Kidole kimoja hakikurudi kukunjika, lakini mkono ulipona. Nikamwambia aje kwangu asubuhi badala ya ufukweni, apike uji na kuniangalizia watoto, tugawane kinachopatikana. Alikuja Jumatatu na kapu la udongo wa mfinyanzi aliouchimba kwenye kijito. Kwa mkono wa kushoto na vidole vitatu vya kulia aliwafinyangia watoto ng'ombe dume mwenye nundu na pembe, na kabla ya saa nne kulikuwa na ng'ombe thelathini na mbili zikikauka juu ya jiwe. Watoto walizihesabu wenyewe. Wakazigawa kwa rangi, kwa ukubwa, kwa mwenye nazo. Wakagombania mahari. Ubao ulikuwa umetundikwa pale pale na hakuna aliyeuangalia.

Lakini msichana bado hakunisogelea. Na mama yake alitaka nimwambie kwa nini, na mimi sikusema.

Mtu mzima wakati ule hakumwomba mtoto msamaha, na hata ningetaka nisingejua nianzie wapi. Nilichofanya ni hiki. Kiwanda kilipofunguliwa tena wiki hiyo, na yeye akiwa mlinzi, nilichukua beseni nikaenda kusimama mwisho wa mstari. Watoto walicheka. Mama yake aliacha mwiko ndani ya sufuria.

Mstari ukasogea. Nikafika getini. Msichana aliinua macho kutoka miguuni kwangu mpaka usoni, taratibu.

"Wewe rudi kesho," alisema.

"Sawa," nikasema, nikaondoka na beseni langu.

Kesho yake nikarudi. "Wewe rudi kesho." Watoto walikuwa wanasubiri nikasirike, na ni kweli nilikasirika kidogo, maana jua lilikuwa kali na nilikuwa na nguo za kufua. Siku ya tatu alinikagua mikono. Alinigeuza viganja, akaangalia kila kidole, akasema, "Rudi kesho."

Siku ya nne alinikagua tena. Kisha akasema, "Ingia. Kaa barafu."

Nikakaa kwenye barafu, kazi ya chini kabisa, na nikafanya kazi vibaya. Nilipanga mawe bila mpango na mtoto wa karani akanifokea. Msichana alikuja akanionyesha: makubwa chini, madogo juu, ili samaki wasibonyee. Alinishika mkono akiyapanga. Uji ulipoiva alikaa kwenye benchi, karibu nami, akanywa nikiwa namtazama.

Siku za kwanza tulichanganya. Asubuhi tulicheza, kisha nusu saa ya ubao. Nilianza kuingiza herufi kwenye kiwanda: kila boksi lilitaka alama, kila mfanyakazi alitaka jina lake kwenye kipande cha karatasi, la sivyo mlinzi hamruhusu. Watoto waliokuwa wakilia kuandika walikuwa wananidai karatasi. Sikulipanga kwa akili nyingi. Nililiona linafanya kazi nikaendelea nalo.

Karani ndiye aliyenikuta. Alipita saa nne, siku ambayo hakutarajiwa, akamkuta mwanawe amevaa mifuko ya nailoni miguuni, ana tope mpaka masikioni, anapiga kelele, "Sangara mbili, tia barafu!"

"Mwalimu," alisema, "mwanangu anakuja hapa kucheza?"

"Anacheza, na anajifunza, baba."

"Anajifunza kuchuna samaki." Hakupaza sauti. Alikuwa mtu mstaarabu. "Mimi baba yangu alikuwa anavua. Sikumleta huyu kwako arudi kule."

Nilitaka kumwambia jinsi mwanawe alivyojifunza kusubiri. Nilimwambia, "Subiri kidogo, mwite aandike jina lake." Mtoto akaitwa, akaandika kwa kijiti kwenye tope, herufi moja imegeuka nyuma. Baba aliangalia. Naona alifurahi. Lakini aliangalia pia mifuko miguuni, na tope, na ukuta wetu usio na kibao chenye bata.

"Pole, mwalimu," alisema. "Mimi nataka daftari."

Akamchukua. Wiki ile ile wazazi wengine watatu wakawahamisha wao. Tukabaki na watano, na sufuria ya uji ikawa inabaki nusu. Mama wa msichana alisema labda turudishe mabenchi kwenye ukuta. Nilifikiri kwa siku mbili. Mume wangu alipokuja nikamweleza, naye alinisikiliza akiwa anasafisha plagi za injini, akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Nikamwambia naona watoto wanaongea. Zamani walikuwa wanaitikia tu. Akasema, "Basi." Ndivyo tulivyoamua.

Wawili kati ya wale wanne walirudi baada ya muhula, shule yao ilipofungwa na mwenye nyumba. Mtoto wa karani hakurudi. Nilimwona mara moja barabarani amevaa soksi ndefu nyeupe na tai, akanipungia mkono, baba yake akaniitikia salamu kwa heshima. Sijui zaidi ya hapo, na sitadai kwamba aliharibikiwa.

Miaka miwili baadaye ofisa mmoja wa elimu alikuja kutukagua ili tuandikishwe. Aliomba ratiba. Nilikuwa nimeandika: saa mbili hadi saa nne, michezo. Akauliza michezo ya aina gani, nikamweleza.

"Andika hesabu," alishauri. "Ukiandika michezo watakurudishia fomu."

"Lakini ni michezo."

"Najua. Andika hesabu."

Nikaandika hesabu. Fomu ikapita. Baadaye sana, nilipopelekwa kwenye mafunzo ya walimu wa awali, mkufunzi alituandikia ubaoni kwamba mchezo ndio kazi ya mtoto, na wenzangu wakanakili. Mimi nilikuwa nawaza ndala kumi.

Msichana aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka saba, shule ya serikali, darasa la watoto zaidi ya mia. Mwalimu wake alimlalamikia mama kitu kimoja tu, kwamba anaongea sana na anawapanga wenzake. Sasa ni mtu mzima, yuko mapokezi katika zahanati moja huko Magu, ana watoto wake. Nilipomtembelea nilimuuliza kama anakumbuka kiwanda chetu. Alifikiri. Alikumbuka uji una limau, na kwamba jiwe lilikuwa linaunguza mchana. Kiwanda hakukikumbuka kabisa. Mama yake alikuwepo, akanitazama, na sote wawili tukaendelea na chai.

Kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshahama Igogo. Mume wangu alikuwa amechoka kupanda meli kila mwezi, nami nilikuwa nimechoka kumsubiri, tukapata nyumba Nansio yenye ua mkubwa usio na jiwe hata moja. Jirani wa kwanza kuniletea mtoto alikuwa muuza samaki. Wa pili alikuwa mkulima wa mihogo. Kabla mwezi haujaisha walikuwa saba, wanaongea Kikerewe na Kijita, na mimi sikujua lugha yoyote kati ya hizo. Wiki ya kwanza sikufundisha. Nilikaa kwenye kigoda nikawaangalia, nipate kujua wanacheza nini.